Maswali ya wasomaji: Risasi na kadimiamu ndani ya plastiki chakavu

Mwezi huu tumeziweka pamoja barua zinazozungukia jambo moja: metali nzito, yaani risasi, kadimiamu, zebaki, kromiamu na ndugu zao, zilizomo ndani ya plastiki tunazookota, kusaga, kuchoma na kutumia jikoni. Barua tumezifupisha.

Ninao mtambo wa kusaga na kuyeyusha hapa Vingunguti. Natengeneza punje za HDPE, yaani polithini ngumu, kwa ajili ya ndoo na vifungashio. Mteja mmoja anayepeleka bidhaa Ulaya alipima punje zangu akarudisha mzigo mzima. Anasema zina miligramu 140 za kadimiamu na risasi kwa kilo, na mwisho unaoruhusiwa ni 100. Mimi sijaweka sumu yoyote, na kila kitu tunaosha kwa maji ya moto na magadi. Imetoka wapi, na nitaiondoaje? — Mrejelezaji, Dar es Salaam

Ndugu, hutaiondoa kwa kuosha. Magadi yanatoa grisi na tope la juu. Metali hii imo ndani ya plastiki yenyewe tangu siku ilipotengenezwa, na itabaki humo hata ukiiyeyusha mara kumi. Haivukizwi na joto la mashine yako wala haishiki kwenye chujio. Njia pekee ni kuizuia isiingie kwenye kinu.

Kwa HDPE, wa kushukiwa kwanza ni kreti za zamani za bia na soda, hasa za njano, chungwa na nyekundu. Kwa miaka mingi njano hiyo ilitokana na kadimiamu salfaidi, na nyekundu na kadimiamu iliyochanganywa na seleniamu. Watengenezaji walizipenda rangi hizi kwa sababu zinavumilia joto la mashine na jua la uwanjani miaka nenda rudi bila kupauka. Wa pili ni kromati ya risasi, njano iliyokolea ambayo ni nafuu kuliko ya kadimiamu. Hiyo inabeba sumu mbili kwa mpigo: risasi, na kromiamu ya aina ya sita inayosababisha saratani.

Sasa hesabu. Tuseme kreti moja kuukuu ina miligramu 1,500 za kadimiamu kwa kilo. Ikiwa kreti za namna hiyo ni sehemu moja ya kumi ya mzigo wako, punje zote zitatoka na miligramu 150. Gunia moja kati ya magunia kumi limetosha kukurudishia mzigo, na ndiyo sababu namba yako ya 140 haitushangazi hata kidogo.

Kuna na mlango wa pili ambao wengi hawautazami, nao ni rangi ya punje unayonunua na kuchanganya kwenye mashine. Chukua rangi yenye asilimia 30 ya kromati ya risasi. Ukitia kilo 2 kwenye kilo 100 za plastiki safi kabisa, umeingiza gramu 600 za kromati. Asilimia 64 ya uzito wa kromati hiyo ni risasi, yaani gramu 384. Bidhaa yako sasa ina karibu miligramu 3,800 za risasi kwa kilo, na hujagusa kreti hata moja. Kwa hiyo mwulize muuzaji namba ya rangi, asikutajie jina tu. Namba za kimataifa za kukataa ni PY34 na PR104, ambazo ni za risasi na kromiamu, pamoja na PY35, PY37, PO20 na PR108, ambazo ni za kadimiamu. Muuzaji asiyeweza kukuonyesha namba kwenye karatasi, mwache.

Kikomo alichokutajia mteja ni cha kweli. Kimetoka kwenye sheria ya vifungashio ya Umoja wa Ulaya ya 1994, namba 94/62/EC. Risasi, kadimiamu, zebaki na kromiamu ya aina ya sita zinajumlishwa zote nne, na jumla yake isivuke kiasi kilichowekwa. Waliishusha kwa hatua: miligramu 600 kwa kilo Juni 1998, 250 mwaka uliofuata, na 100 kuanzia Juni 2001. Kanuni mpya ya vifungashio, 2025/40, ambayo tarehe yake ya kuanza kutumika ni 12 Agosti 2026, imebaki na 100 ileile. Majimbo kadhaa ya Marekani nayo yanatumia 100 hiyohiyo.

Tunajua unachokiwaza: kwa nini nisiweke gunia moja la kreti kwenye magunia ishirini nikapata 75 nikapita? Tunakuomba usifanye hivyo. Vipande haviwi sawa kila mahali, kwa hiyo bechi moja itatoka na 40 na nyingine na 160, na mteja atapima ile ya 160. Na hata namba ikikubali, kadimiamu iliyokuwa imekaa kwenye kreti mia moja zinazojulikana sasa imeingia kwenye ndoo elfu mbili za watu. Hakuna atakayeweza kuzikusanya tena. Ulaya wenyewe waliachia kreti na paleti za zamani zivuke kikomo kwa sharti kwamba kreti inarudi kuwa kreti, ndani ya mzunguko wake uleule, bila kuongezwa metali na bila kuchanganywa na zaidi ya asilimia 20 ya plastiki nyingine. Fuata mtindo huo: kreti zikusanye peke yake, ziwekee alama, umuuzie anayetengeneza kreti. Usimpe anayetengeneza ndoo za maji.

Kupima si kwa macho, maana njano salama na njano ya kadimiamu zinafanana. Vifaa vya kufuta kwa pamba vinavyobadilika rangi vikikutana na risasi havifai hapa, kwa sababu risasi iliyofungwa ndani ya plastiki haifiki kwenye pamba. Kinachofaa ni kifaa cha XRF cha mkononi, kinachotumia eksirei. Chota konzi moja kutoka kila gunia hadi upate kilo mbili, changanya, gawa robo kwa robo mpaka ibaki konzi moja, yeyusha, kandamiza upate bapa la unene wa nusu sentimita, kisha pima sehemu tatu tofauti, sekunde 60 kila moja. Ukipima kipande chembamba, kadimiamu itaonekana ndogo kuliko ilivyo, kwa kuwa eksirei zake zinapenya plastiki nyembamba na kutokea upande wa pili.

Soma matokeo kwa akili. XRF haitofautishi kromiamu mbaya na isiyo na neno, lakini risasi na kromiamu zikitokea pamoja na risasi ikiwa kama mara nne ya kromiamu, hiyo ni kromati ya risasi. Kadimiamu ikiambatana na seleniamu ni ile nyekundu ya kreti. Namba ikikaribia kikomo, peleka sampuli maabara ikayeyushwe kwa asidi na kupimwa. Wasiliana kwanza na Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali au Shirika la Viwango Tanzania (TBS) wakuambie sampuli inafungwaje na wanataka gramu ngapi.

Sisi ni kikundi cha vijana Mwanza. Tunanunua plastiki ngumu ya kila namna: mabomba, viti, maganda ya redio na televisheni. XRF hatuna wala hatutakuwa nayo karibuni. Tumesikia mtu anaweza kutenganisha kwa maji ya chumvi. Ni kweli? — Kikundi cha Igoma

Ni kweli, na mnaweza kuanza kwa mapipa mawili. Mnachokitafuta zaidi ni PVC, yaani mabomba, fremu za madirisha na nyaya, kwa sababu PVC haiwezi kuvumilia joto la mashine bila dawa ya kuituliza, na dawa iliyotumika kwa miongo mingi ni chumvi za risasi. Viwanda vya Ulaya viliachana nazo mwishoni mwa 2015, lakini bomba lililofukiwa ardhini miaka ya tisini ndilo linalowafikia nyinyi leo.

Katakateni vipande vya sentimita moja hadi mbili. Pipa la kwanza liwe la maji matupu na matone machache ya sabuni ya maji. Sabuni hiyo ni muhimu: bila yake, viputo vya hewa vinashika kwenye vipande na kuvielesha vile vilivyopaswa kuzama. Korogeni, subirini dakika mbili. Vinavyoelea ni polipropilini na polithini. Vinavyozama vipelekeni pipa la pili.

Pipa la pili linataka gramu 160 za chumvi kwa kila lita ya maji, kwa hiyo lita 100 zinakula kilo 16. Uzito wa maji hayo unakuwa 1.10 ukilinganisha na maji matupu. Namna rahisi ya kuhakikisha ni kile kipimo cha kioo cha mafundi betri, kinachosoma kuanzia 1.100. Nunueni kipya, kilichokwisha kunyonya asidi ya betri kina risasi ndani. Humo ABS na polistairini safi, zile plastiki ngumu za maganda ya redio na televisheni, zitaelea. PVC, chupa za PET, na maganda ya televisheni na kompyuta yaliyotiwa dawa ya kuzuia moto yatazama. Dawa hiyo ni ya bromini, na kwa kawaida huandamana na antimoni, ndugu mwingine wa metali hizi zenye sumu.

Pimeni maji ya chumvi kila asubuhi, maana vipande vinavyotoka pipa la kwanza vinaingia na maji matupu na kuyapunguza nguvu. Suuzeni vizuri kabla ya kuyeyusha, la sivyo chumvi italiwa na mashine na mashine italiwa na kutu.

Mambo mawili yatawapoteza. La kwanza, viti vingi ni polipropilini iliyoongezwa unga wa chokaa, navyo vinazama ingawa si PVC. Kwa hivyo tumieni jaribio la waya wa shaba: chomeni ncha ya waya kwenye moto wa gesi mpaka mwali usiwe na rangi, gusisheni ncha hiyo ya moto kwenye kipande ili plastiki kidogo ishike, irudisheni motoni. Mwali wa kijani ni klorini au bromini. Fanyeni nje, upepo ukiwa mgongoni kwenu, na kwa chembe tu, kwani moshi wenyewe ni sumu.

La pili ni zito zaidi: kreti ya njano yenye kadimiamu ni HDPE, nayo itaelea kwa raha pamoja na ndoo safi. Maji yanatambua aina ya plastiki, hayatambui rangi iliyomo. Someni jibu letu kwa ndugu wa Vingunguti na mtoe kreti kabla ya pipa.

Je, chupa ya maji iliyokaa ndani ya gari juani ina sumu? — Msomaji, Dodoma

Chupa za PET kwa kawaida zina miligramu 200 hadi 300 za antimoni kwa kilo, mabaki ya kichocheo kinachotumika kiwandani. Kwenye joto la kawaida kinachotoka ni kidogo sana, chini kabisa ya mikrogramu 20 kwa lita zilizowekwa na Shirika la Afya Duniani kwa maji ya kunywa. Joto ndilo linaloharakisha, hasa likipita nyuzi 60. Chupa iliyosahauliwa mchana mmoja haitakudhuru. Iliyokaa wiki kadhaa kwenye buti, mwagia maua. Chai ya moto au uji wa moto usiutie kwenye chupa hizi hata siku moja.

Hamjambo. Mtaani kwetu vijana huchoma nyaya kila jioni wapate kopa ya kuuza. Moshi unaingia nyumbani na watoto hucheza pale kwenye majivu. Mmoja wa wale vijana ni mdogo wangu, na huniambia yeye hunywa maziwa kila siku kwa hivyo sumu haimshiki. Nimwambie nini? — Dada mkubwa, Dandora, Nairobi

Dada, mwambie maziwa hayatoi risasi mwilini. Imani hii imeenea kwa wapaka rangi, mafundi betri na wachoma nyaya, nayo inawafanya wajione wamekingwa. Lishe yenye madini ya chuma na kalisi ya kutosha inapunguza kiasi ambacho utumbo unafyonza, na hilo lina faida kwa watoto wenu. Lakini risasi inayoingia kwa mapafu haipiti kwenye maziwa.

Afahamu pia kinachotokea motoni. Ganda la waya wa zamani ni PVC, na risasi inaweza kufika asilimia 2 ya uzito wake. Kilo 10 za maganda, basi, zina gramu 200 za risasi. Ganda likiungua, klorini ya PVC inaikamata risasi na kadimiamu na kuzigeuza kloridi, ambazo hupaa kwa joto dogo kuliko metali zilivyokuwa mwanzo. Zinapanda na moshi, zinapoa, zinatua kama vumbi jembamba juu ya mabati, nguo na mboga. Inayobaki iko kwenye jivu. Na kopa yenyewe inachochea kuundwa kwa dioksini, sumu kali inayosababisha saratani, moshi unapopoa. Kwa mchanganyiko huu tunathubutu kusema kwamba kuchoma nyaya ni kazi mbaya kuliko kuchoma taka nyingine yoyote ya plastiki mtaani.

Riziki lazima ipatikane, kwa hiyo zungumzeni juu ya kumenya. Kwa waya wa milimita za mraba 1.5 na kuendelea, kifaa cha kumenyea cha mkono kinachofungwa mezani, chenye kisu na roda mbili, kinafanya kazi vizuri, na vijana wanne wanaweza kuchangia kimoja. Kopa isiyoungua ina hadhi ya juu sokoni kuliko iliyobabuka, kwa hiyo anayemenya hupata bei nzuri kwa kilo. Nyaya nyembamba kama za simu na chaja hazimenyeki kwa mkono. Ziuzwe zilivyo kwa wenye mashine ya kusaga na kutenganisha, waliosajiliwa na NEMA, mamlaka ya mazingira ya Kenya, kupokea taka za umeme. Maganda yaliyomenywa yafungwe kwenye gunia na yaende hukohuko. Yasiuzwe kwa watengenezaji wa malapa au mipira ya kumwagilia.

Pale wanapochomea, jivu lisifagiliwe likiwa kavu. Lilowesheni, mlikusanye kwa koleo kwenye mifuko miwili, moja ndani ya nyingine, kisha mtoe udongo wa juu kama sentimita 15 na kufunika kwa udongo safi au saruji. Koleo lisirudi shambani. Mdogo wako avue nguo na viatu vya kazi nje ya nyumba, na nguo hizo zisifuliwe pamoja na za watoto.

Watoto wapimwe damu. Ombeni damu ya mshipa, kwa sababu ya kuchomwa kidoleni hudanganya ikiwa ngozi ina vumbi la risasi. Hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama kwa mtoto. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2021 unasema mikrogramu 5 kwa desilita au zaidi ni lazima chanzo kitafutwe na kuondolewa. Msingoje dalili. Risasi humpunguzia mtoto uwezo wa kujifunza pasipo yeye kulalamika hata tumbo. Dawa za kuvuta risasi mwilini zipo, ni za hospitalini tu, na hazifai kitu mtoto akirudi kuchezea jivu lilelile.

Nina ndoo mbili za rangi za lita 20, nimezisugua sana na zinang'aa. Naweza kuwekea achari na maji ya ukwaju ya kuuza? Na miko ile myeusi ya plastiki ni salama? — Mama wa Kisauni, Mombasa

La, mama, achari na ukwaju usiweke humo. Ndoo ya rangi ina mikwaruzo midogo ambayo rangi imejificha, na siki, ndimu na ukwaju ndivyo vitu hodari zaidi vya kuitoa risasi ilikojificha. Kuisafisha kwa thina au petroli kunaharibu zaidi, sababu plastiki inainyonya. Rangi za mafuta, hasa za njano, chungwa na kijani, ndizo zilizokuwa na risasi nyingi. Kiwango kinachopendekezwa duniani sasa ni miligramu 90 kwa kilo ya rangi kavu, lakini huwezi kujua ndoo yako ilibeba ya zamani au ya sasa. Ndoo hiyo itumie kwa deki, kwa saruji, kwa nguo za kuloweka.

Usidanganywe na namba iliyo ndani ya pembetatu chini ya chombo. Hiyo inataja aina ya plastiki basi: 2 ni HDPE, 3 ni PVC, 5 ni polipropilini. Haisemi lolote juu ya risasi au kadimiamu. Alama ya kutafuta ni ile ya glasi na uma, na ununue chombo kipya kilichotengenezwa kwa chakula.

Kuhusu miko myeusi, wasiwasi wako una msingi. Mashine za kuchambua plastiki kwa mwanga hazioni nyeusi, kwa hiyo maganda ya televisheni na kompyuta husagwa pamoja na yakatokea tena kama vyombo vya jikoni. Wapimaji wamekuta bromini, antimoni na hata risasi kwenye vyombo vyeusi vya aina hiyo. Si kila mwiko mweusi una shida, ila huwezi kuutambua kwa kuutazama, na mwiko wa mti upo, unauzwa bei rahisi. Na wale wanaofunika wali kwa mfuko wa nailoni uive kwa mvuke: jani la mgomba linafanya kazi ileile bila kuyeyusha wino wa mfuko ndani ya sufuria.

Naishi Hamburg. Kuna kampuni inanipa bure maganda ya plastiki ya kompyuta na televisheni za zamani. Nataka kujaza kontena nilipeleke Dar es Salaam, huko kuna soko la plastiki ngumu. Wakala ananiambia niandike "bidhaa za plastiki" nipite. Nipite? — Msomaji, Ujerumani

Usipite, ndugu yetu. Wanakupa bure kwa sababu kuyatupa kihalali kunawagharimu.

Mkataba wa Basel ulipitishwa 1989 na unasimamia usafirishaji wa taka za hatari kati ya nchi na nchi. Tangu 1 Januari 2021 umeigawa plastiki chakavu mafungu matatu. B3011 ni plastiki safi ya aina moja, iliyotenganishwa, inayokwenda kurejelezwa. Hiyo inasafiri bila kibali cha mkataba. Y48 ni mchanganyiko, inayohitaji nchi inayopokea ikubali kwa maandishi kabla meli haijaondoka. A3210 ni plastiki yenye sumu, nayo pia lazima ipate ridhaa hiyo. Orodha ya vinavyofanya taka iwe ya hatari inataja risasi (Y31), kadimiamu (Y26), zebaki (Y29), kromiamu ya aina ya sita (Y21) na antimoni (Y27). Maganda ya kompyuta yaliyochanganyika hayawezi kuwa B3011. Tangu 1 Januari 2025 taka za umeme na elektroniki nazo zote, ziwe za hatari au zisiwe, hazisafiri bila ridhaa hiyo.

Kwako wewe kuna ukuta mwingine. Umoja wa Ulaya umekataza kabisa kupeleka Y48 na A3210 nje ya nchi za OECD, ule umoja wa nchi zilizoendelea kiuchumi, na Tanzania haimo. Kwa kanuni 2024/1157, kuanzia 21 Novemba 2026 hata plastiki safi inasimamishwa kwenda nchi hizo kwa miaka miwili na nusu. Upande wa kupokea, Tanzania ni mwanachama wa Mkataba wa Bamako wa 1991, unaopiga marufuku kuingiza taka za hatari Afrika. Kibali cha NEMC, baraza la mazingira la Tanzania, hakiwezi kupatikana kwa maandishi ya uongo, na mzigo ukikamatwa Basel inautaja kuwa biashara haramu ambayo mpelekaji analazimika kuurudisha.

Pia huo mzigo hauna faida unayoitegemea. Sheria ya Ulaya ya vifaa vya umeme ilianza kubana 1 Julai 2006: risasi, zebaki na kromiamu ya aina ya sita mwisho miligramu 1,000 kwa kilo, kadimiamu 100. Televisheni za kabla ya hapo hazikubanwa na sheria hiyo, na ndizo zinazotupwa bure. Vijana wa Mwanza watakaozitia kwenye pipa la chumvi wataona nusu ya kontena lako likizama, na hawana pa kuipeleka hiyo nusu.

Ukitaka biashara ya plastiki kati ya Ulaya na nyumbani, uza mashine: vinu vya mkono wa pili, vifaa vya kumenya nyaya, XRF zilizotumika na kusawazishwa upya. Hiyo si taka, na soko lipo.

Magamba ya betri za gari ni polipropilini nzuri sana. Nayapata kwa bei ya chini hapa Morogoro. Nikiyaosha yatafaa kwa ndoo? — Mfanyabiashara

Kwa ndoo, hapana. Gamba lina ulimbo wa risasi kwenye pembe na kwenye vijichumba vya ndani, na plastiki yenyewe ina mikwaruzo iliyojaa ulimbo huo. Viwanda vinavyofanya kazi hii vizuri husaga kwanza, kisha huelesha polipropilini na kuiacha risasi izame, huosha tena mara mbili au tatu, na hata baada ya hapo hurudisha plastiki hiyo kwenye magamba mapya ya betri.

Tatizo kubwa kwako ni maji. Maji ya kuoshea yana asidi na risasi. Lazima yatiwe chokaa hadi pH, yaani kipimo cha ukali wa asidi, ifike 9 au 10, risasi itue chini, na tope lake lihifadhiwe kama taka ya hatari na kuchukuliwa na mwenye leseni. Ukiyamwaga mferejini yataelekea mtoni. Mombasa, kwenye kijiji cha Owino Uhuru, kiwanda cha kuyeyusha betri kiliacha risasi kwenye udongo na kwenye damu za watoto. Julai 2020 mahakama iliamuru wakazi walipwe fidia ya shilingi za Kenya bilioni 1.3, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikauthibitisha uamuzi huo baada ya kesi kuzunguka kwenye rufaa.

Yale magunia uliyokwisha kununua usiyasage wala usiyaoshe. Yaweke chini ya paa, juu ya sakafu ya saruji, mvua isiyafikie, na umwombe mnunuzi wa betri chakavu aliyesajiliwa na NEMC ayachukue pamoja na betri nzima. Aliyekwisha kuyashika anawe kwa sabuni kabla ya kula, na asiende nayo nyumbani hata kwa kupandia maua.